Nyuma ya Pazia: Binti anataka kuigiza, baba anataka awe muuguzi

Barua za mwezi huu zimetoka pande zote za Uganda: Jinja, Arua, Bwera, Busia, Kawempe na Malaba. Zote zinaniuliza mimi, mwigizaji wa siku nyingi, mambo ya kazi ya kuigiza na kama mtu mzima anaweza kuishi nayo. Nyingine nimezijibu kwa urefu, nyingine kwa mistari michache tu.

*Mama, mimi ni askari polisi, nakaa kambini hapa Jinja. Binti yangu wa kwanza amemaliza S.6 (kidato cha sita) na alama zake zinamtosha kusomea uuguzi. Sasa anasema anataka kuwa mwigizaji wa jukwaani na wa televisheni. Mama yake analia. Mimi sijui hata nimuulize swali gani. Wewe mwenyewe uliishije? – Afande, Jinja*

Afande, nakusalimu wewe na mama watoto. Nimefurahi umeuliza niliishije, kwa sababu wazazi wengi wanaoniandikia huuliza tu kama uigizaji ni uhuni, na barua inaishia hapo.

Mimi ni mtoto wa kambi kama binti yako. Baba alikuwa polisi, tulikaa Nsambya, na Kiswahili nilikipata bombani, ambapo watoto wa Kiteso, Kilugbara, Kiacholi na Kinyankole tulikuwa na lugha moja tu ya kugombania zamu ya maji. Siku za sikukuu kambi ilikuwa na bendi, ngoma na vichekesho. Maafande waliokuwa wakali mwaka mzima walivaa magauni ya wake zao na kutuchekesha mpaka mbavu zikauma. Baadaye shule ikatupeleka National Theatre, lile jengo la 1959 lililo karibu na Bunge, nikamwona mwanamke mwembamba, wa kawaida kabisa, akivuka jukwaa taratibu na ukumbi mzima umenyamaza ukimngoja afike. Nikaitaka kazi ya yule mwanamke.

Kazi hiyo peke yake haikunilisha. Miaka yote niliyoigiza jukwaani nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi: asubuhi chaki, jioni mazoezi, Jumamosi na Jumapili maonyesho. Wenzangu pia walikuwa makarani, mafundi cherehani, wauza duka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 tulianza maonyesho saa nane mchana, ili mtazamaji wa Natete au Bweyogerere afike kwake kabla ya giza, kwa maana usiku ulikuwa wa vizuizi vya barabarani na milio ya risasi. Umeme ukikatika tulileta karabai na kuendelea. Jumapili jioni mweka hazina alilipa kwanza ukumbi, kodi, mchapaji wa mabango na gari, kisha kilichobaki tukagawana. Siku nyingine kilitosha nyama na sabuni. Siku nyingine kilitosha nauli.

Miaka ya 1990 ilikuwa mizuri. Bakayimbira, Afri-Talent, Ebonies na makundi mengine yalijaza kumbi za Kampala, na watu walisafiri kutoka Masaka na Mukono kuja kutazama. Halafu vibanda vya video vikaenea, redio za FM zikaleta vichekesho mpaka jikoni kwa mtu, na mpira wa Ulaya ukachukua Jumamosi yetu. Hapo ndipo televisheni ilipoanza kutubeba. Tulikuwa na UTV, televisheni ya serikali, tangu 1963, lakini mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaja WBS, kisha NTV mwishoni mwa 2006, na tangu 2018 kituo cha Pearl Magic kinanunua tamthilia za Uganda kwa wingi ambao kizazi chetu hakikuuona. Tamthilia inayoonyeshwa kila siku inahitaji waigizaji wengi, wapiga kamera, washona mavazi, wapishi. Kwa hiyo binti yako anaingia wakati ambapo kazi ipo kuliko nilipoingia mimi. Lakini ni kazi ya kipindi hadi kipindi. Msimu ukiisha, simu hunyamaza. Na Machi 2020 corona ilipofunga kumbi, zilikaa zimefungwa mpaka Januari 2022. Nawajua waigizaji wenye sura zinazojulikana nchi nzima ambao miaka ile waliuza makaa na mboga ili watoto wale.

Sasa maswali ya kumuuliza. Muulize ameigiza wapi, mbele ya watu gani, na ilikuwaje siku ambayo watu hawakucheka mahali alipotegemea wacheke. Akiwa na jibu la hilo la mwisho, ameshaanza kazi. Akisema anapenda kuonekana kwenye televisheni, mwambie atafute kundi la jukwaani kwanza, hata la parokia au la msikiti au la shule yake ya zamani, afanye nalo mwaka mzima. Jukwaani hakuna wa kumkatia picha mbaya. Atajifunza kufika kwa wakati, kubeba viti, kumsikiliza mwenzake, kusema sentensi ikafika safu ya mwisho. Waongozaji wa televisheni ninaowaheshimu humtambua mtu wa jukwaani akiwa bado anasalimia.

Kama anataka kusoma, Makerere ina idara ya sanaa za maonyesho na filamu, ile ambayo wengi bado tunaiita MDD kwa jina lake la zamani la muziki, ngoma na maigizo. Kyambogo nao wanafundisha sanaa za maonyesho. Kwa uuguzi nitakuwa mkweli kwako: kama moyo wake haupo, usimlazimishe, kwa ajili ya wagonjwa. Lakini kazi ya pili lazima awe nayo. Kufundisha, kushona, kompyuta, chochote kinachoacha jioni wazi.

Na kuna jambo baba lazima alijue. Wapo wanaume wanaojiita watayarishaji ambao humwita msichana kwenye usaili usiku, hotelini, peke yake. Usaili wa kweli hufanyika mchana, mahali ambapo watu wanaingia na kutoka, na angalau mtu wa tatu yupo chumbani. Skripti hutangulia. Mwambie binti waziwazi kwamba nafasi yoyote yenye masharti mengine aiache, aje nyumbani, na hutamgombeza. Wasichana wengi hunyamaza kwa sababu waliondoka nyumbani kwa ugomvi na wanaogopa kuambiwa "tulikuambia". Ukimpa baraka zako leo, Afande, unampa pia mlango wa kurudi akipata shida.

*Habari Mama. Mimi niko S.5, Arua, na ninacheza kwenye kundi la maigizo la shule. Nikisimama mbele ya watu maneno yananitoka kichwani. Pia naomba kujua: machozi ya kwenye televisheni ni ya kweli au ni vitunguu? – Mwanafunzi, Arua*

Mwanangu, maneno hayakutoki kichwani, hayajaingia mwilini. Wengi hukariri wakiwa wamekaa kitandani, kisha wanashangaa kwamba wakisimama yamepotea. Kariri ukitembea. Kariri ukifagia, ukichota maji, ukipanga vyombo. Na usikariri maneno yako peke yake. Jifunze maneno ya mwenzako kabla ya yako, kwa sababu yako ni jibu la yake. Mwigizaji anayengoja zamu yake tu huonekana kutoka mbali: macho yake yanasoma karatasi ambayo haipo. Anayesikiliza, hata akisahau neno, atasema lingine linalofanana na hakuna atakayejua.

Kabla hujaingia, jiulize mhusika wako anataka nini kwa huyu aliye mbele yake. Pesa? Msamaha? Anataka aondoke? Ukikishika hicho, mikono haitakusumbua tena. Watoto wengi huniuliza mikono waiweke wapi. Mtu anayedai deni lake hajiulizi mikono yake iko wapi.

Sauti itoke tumboni. Usipige kelele, kelele huchoka baada ya robo saa. Vuta pumzi mpaka mkanda ukaze, kisha mtumie sentensi mtu mmoja wa safu ya mwisho. Na umalize neno la mwisho. Vijana wengi huanza sentensi kwa nguvu na kuiacha ife njiani, na mara nyingi neno lenyewe zito liko mwishoni.

Kwenye kamera karibu yote hayo yanageuka. Sauti inashuka mpaka iwe ya chumbani, kwa sababu maikrofoni iko kifuani. Uso uliokuwa ukifanya kazi kwa ajili ya watu mia tatu sasa unafanya kazi kwa ajili ya mtu mmoja aliye karibu nawe kuliko mkeo au mumeo. Nyusi ukizipandisha kama jukwaani, utamtisha. Kuna utepe sakafuni unaokuonyesha pa kusimama, na huruhusiwi kuutazama. Huruhusiwi kutazama lenzi. Na ukinywa chai kwenye neno fulani mara ya kwanza, lazima uinywe kwenye neno hilohilo mara ya pili, ya tano na ya nane, la sivyo mhariri hataweza kuunganisha picha, na sura yako nzuri itatupwa.

Kingine ambacho watazamaji hawakijui: hadithi hairekodiwi kwa mpangilio. Nyumba ikikodishwa siku moja, kila tukio la nyumba hiyo hurekodiwa siku hiyo. Nimewahi kumzika mume wangu asubuhi na kumpokea mchana akitoka safari, mzima, wa miaka kumi nyuma. Ndiyo sababu nina daftari dogo. Naandika tukio lililotangulia liliishaje, nilikuwa nimechoka kiasi gani, mshipi wa gauni la gomesi nilifunga fundo upande upi, kapu lilikuwa mkono gani. Wenzangu vijana hupiga picha kwa simu na hiyo ni sawa kwa kapu na fundo. Uchovu hauonekani kwenye picha ya simu, uandike.

Machozi: kuna ya kweli na kuna ya mentholi, ile dawa inayopakwa chini ya jicho. Hakuna aibu kuitumia ukirudia tukio mara ya tisa. Lakini usishughulike na machozi sana. Watazame watu wazima kwenye msiba kwenu. Mara nyingi wanapambana wasilie: wanahesabu wageni, wanauliza kama chakula kimetosha, wanarekebisha kanga iliyo sawa tayari. Cheza hayo mapambano. Mtazamaji atalia kwa niaba yako.

*Mama, mimi ni kijana wa hapa Bwera. Nilicheza vipindi kadhaa vya tamthilia iliyokuja kurekodiwa huku kwetu, na vimeonyeshwa. Nilipouliza malipo niliambiwa nimepata umaarufu, ndiyo malipo yangu. Sikutia saini popote. Nifanye nini? – Kijana, Bwera*

Ndugu yangu mdogo, mwenye nyumba wako hapokei umaarufu mwisho wa mwezi, na waliokuambia hivyo wanalijua hilo.

Sheria ya Uganda ya hakimiliki na hakishiriki ya 2006 inamtambua mwigizaji. Uigizaji wako ukirekodiwa na kurushwa hewani, ridhaa yako inahitajika, na ridhaa hiyo ndiyo unayoiuza. Kutokuwa na karatasi hakukufuti. Kusanya ulichonacho: ujumbe wa WhatsApp uliokuita kazini, ratiba ya kurekodi yenye jina lako, picha za siku hiyo, majina ya wenzako mliokuwa pamoja, tarehe vipindi vilipoonyeshwa. Kisha andika barua ya heshima kudai malipo, utaje siku za kazi na kiasi, uweke muda wa kujibu. Peleka nakala kwenye chama cha waigizaji ulicho karibu nacho au kwenye Uganda Federation of Movie Industry, chombo cha kusimamia haki za watu wa filamu. Barua moja yenye nakala husomwa kwa makini kuliko simu kumi za kulalamika.

Safari ijayo, usiingie kwenye gari la kurekodi bila mkataba, hata wa ukurasa mmoja. Uandikwe unalipwa kwa siku au kwa kipindi, na lini. Uandikwe kama tamthilia ikiuzwa kituo kingine au ikiwekwa kwenye intaneti utapata nini. Nauli, chakula, na nani atagharamia matibabu ukiumia kazini. Jina lako liandikwe mwisho wa kipindi, kwa tahajia sahihi. Wakikata kodi ya zuio ya asilimia 6, ile inayokatwa kabla hujapewa malipo yako, dai cheti chake, kwa sababu bila cheti huwezi kuonyesha kwamba umekatwa. Najua kijana anayeanza huogopa kwamba akiuliza hayo ataachwa. Wapo watakaokuacha. Hao ndio wale ambao hawakuwa na nia ya kukulipa.

Na ukilipwa, weka akiba rasmi. Tangu sheria ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ilipofanyiwa marekebisho 2022, mtu asiye na mwajiri wa kudumu anaweza kujiwekea kwa hiari yake, kidogokidogo. Tumewazika waigizaji wakubwa kwa michango ya kofia. Sitaki kuona tena kofia ikizungushwa kwa ajili ya mtu aliyefanya kazi miaka arobaini.

*Mama, wanafunzi wangu wanawajua waigizaji wa Nigeria na wa Bongo kwa majina. Nikiwauliza waigizaji wa Uganda wa zamani hawana jibu, na mimi mwenyewe nina majina mawili tu. Niwafundishe nani? – Mwalimu, Busia*

Mwalimu, hii ndiyo barua niliyoisoma mara nyingi zaidi mwezi huu.

Anza na Wycliffe Kiyingi. Mwaka 1954, wakati maigizo ya Kampala yalikuwa burudani ya Wazungu na Wahindi, aliunda African Artists Association, kundi la Waafrika lililocheza kwa Kiganda habari za Waganda wenyewe. Aliandika pia kwa redio na kwa televisheni ilipokuja. Kila tamthilia ya nyumbani unayoiona leo, yenye shangazi mkali na mpangaji asiyelipa kodi, inapita kwenye njia aliyoifyeka yeye.

Kisha wasimulie watoto habari za gari la Makerere. Mwaka 1965 wanafunzi na walimu wa chuo walianzisha jukwaa la kusafiri. Walipakia mavazi na taa, wakaenda kuigiza kwenye viwanja vya shule, kumbi za miji midogo na mahali penye watu, kwa Kiingereza na kwa lugha zetu kadhaa, Kiswahili kikiwamo. Watoto wa Busia wanastahili kujua kwamba Kiswahili kilikuwa kwenye gari lile.

Humo alipitia Rose Mbowa, aliyezaliwa 1943. Akitajwa, mimi huona fahari kama ya mtoto wa mama mmoja. Alikuwa mwigizaji, mwandishi, mwongozaji na profesa, akafundisha Makerere kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1987, nchi imetoka vitani mwaka mmoja tu, alitoa igizo la Mama Uganda na watoto wake, lililoweka ngoma, nyimbo na lugha za pembe zote za nchi kwenye jukwaa moja. Fikiria, Mwalimu, watu waliokuwa wakiogopana kwenye vizuizi vya barabarani wakikaa safu moja kusikiliza wimbo wa kila mmoja. Baadaye alimcheza kwa Kiganda yule mama mchuuzi wa vitani wa Bertolt Brecht, anayevuta mkokoteni wake nyuma ya majeshi na kupoteza watoto mmoja baada ya mwingine. Igizo ni la Mjerumani, lakini watazamaji wa Kampala walimjua yule mama, walikuwa wamemwona Luwero wakati wa vita. Mbowa alifariki 1999. Nilichojifunza kwa kumtazama ni utulivu: alikuwa na uwezo wa kusimama bila kufanya lolote na bado huwezi kutazama kwingine.

Robert Serumaga alizaliwa 1939, akasoma uchumi Dublin, akarudi na kuunda Theatre Limited, kisha kundi la Abafumi. Enzi za utawala wa Idi Amin maneno yalipokuwa hatari, maigizo yake yalizidi kupunguza maneno na kuongeza mwili: ngoma, pumzi, vilio, mpangilio wa miili sakafuni. Mpelelezi alikaa ukumbini asipate sentensi ya kuandika, na mwananchi aliyekaa kando yake alielewa kila kitu. Kundi hilo lilisafiri nchi za nje likasifiwa. Serumaga mwenyewe aliishia kwenye harakati za kumng'oa Amin, akawa waziri 1979, akafariki Nairobi 1980.

Byron Kawadwa ndiye atakayekupa shida darasani, lakini usimruke. Aliunda Kampala City Players, akaandika maigizo ya nyimbo kwa Kiganda, na igizo lake la Wankoko, lenye jogoo na vita vya kugombea ufalme, lilipendwa kupita kiasi. Lilipelekwa Lagos kwenye FESTAC, tamasha la sanaa za Waafrika, mwaka 1977. Aliporudi, watu wa Amin walimchukua kutoka National Theatre, alikokuwa akifanya kazi, wakamuua. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kawadwa alicheza kwao akauawa, na bado kila Jumapili kuna kijana wa Uganda anayepanda jukwaani palepale. Wanafunzi wako wakiuliza kwa nini mtu auawe kwa sababu ya igizo, waache wajadiliane kipindi kizima. Usiwape jibu haraka.

Ukibaki na muda, mtaje John Ruganda wa Fort Portal. Maigizo yake hayahitaji watu wengi wala vifaa vingi, na kwa shule hiyo ni neema.

*Mama, dada yangu anacheza mke mdogo mchawi kwenye tamthilia. Wateja wameacha kununua dukani kwake na mchumba ameanza kusitasita. Watu hawaelewi? – Dada mtu, Kawempe*

Wanaelewa sana, ndiyo maana wamekasirika. Mimi niliwahi kucheza mama mkwe aliyemnyima mkwe chakula. Soko la Kalerwe, mama mmoja alikataa kuniuzia nyanya, akaniambia nikamwombe mkwe wangu radhi kwanza. Niliongea naye, nikamsalimia watoto wake, wiki iliyofuata akaniwekea nyanya nzuri kando. Dada yako asikae nyumbani akijificha. Awe dukani, acheke na watu kwa sauti yake mwenyewe, watamzoea. Mchumba aitwe kwenye mazoezi aone kazi inavyofanyika: taa, nyaya, kurudia tukio mara nane, kungoja jua lirudi. Akishaona hivyo na bado anasitasita, basi hofu yake haihusu tamthilia, na heri dada alijue mapema.

*Mama, mimi ni wa Malaba. Nyumbani tunaongea Kiteso na Kiswahili, Kiganda changu ni cha kuombea maji. Je, nitapata nafasi ya kuigiza Uganda hii, au nivuke mpaka? – Msomaji, Malaba*

Mwanangu, nikupe ukweli wote. Jukwaa la Kampala linaongea Kiganda, na tamthilia nyingi za televisheni zinachanganya Kiganda na Kiingereza. Ukitaka kufanya kazi Kampala, jifunze Kiganda vizuri, kwa miezi ya kukaa na watu. Lafudhi yako usiione aibu, waongozaji wanahitaji sauti zinazotoka mahali tofauti.

Lakini Kiswahili nacho kina mlango, na nasikitika kuuona umesimama wazi bila watu kuingia. Katiba ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Walimu wanahitaji vitu vya watoto kusikia na kusema, na vitabu havitoshi. Mtoto wa Soroti au Mbale aliyemwona mwigizaji akigombana na mwenye nyumba kwa Kiswahili hatasahau sentensi ile. Hiyo ni kazi inayongoja mtu, na haihitaji kuvuka mpaka wala kuwa na jengo.

Tafuta wenzako wanne. Andikeni igizo la nusu saa linalohusu mambo ya Malaba yenyewe: madereva wa malori wanaolala siku tatu foleni, wabadilisha fedha, mama anayepika chapati usiku, mtoto anayesoma upande mmoja na kulala upande mwingine. Wahusika wanne, kitanda kimoja, ndoo moja. Fanyeni mazoezi mpaka mmoja akiugua mwingine aweze kuchukua nafasi yake. Kisha nendeni kwa mwalimu mkuu na ratiba mkononi, mwombe kipindi cha alasiri, na mkubaliane mchango mdogo kwa kila mtoto. Mtu mmoja ashike daftari la fedha, na asiwe mwandishi wala mwongozaji.

Igizo likishaandikwa, nitumieni kupitia anwani ya jarida, kurasa zisizidi ishirini, hata kwa mwandiko wa mkono. Nitalisoma kwa kalamu nyekundu na kulirudisha. Na kama kuna walimu wakuu wa Tororo, Busia au Mbale wanaosoma ukurasa huu na wangependa kundi la namna hiyo lifike shuleni kwao muhula ujao, nao waniandikie, wataje idadi ya watoto na kama kuna ukumbi au ni chini ya mti. Chini ya mti panafaa, mradi watoto wasitazame jua.